Mahali Anapolala Fundi

Ofisini walimwita Mama Penseli. Yeye alijua, na hakuwahi kulalamika, kwa sababu jina lenyewe alijitafutia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa msimamizi wa maafisa ustawi wa jamii, na katika miaka yote hiyo hakuandika neno la wino kwenye ripoti ya mtu. Wino ni wa mwenye ripoti, alisema. Kazi ya msimamizi ni kuuliza. Basi aliuliza kwa penseli, pembeni mwa karatasi, kwa maandishi madogo yaliyolalia upande: "Nani alikuambia?" "Ulimwona mwenyewe au ulisikia?" "Jikoni kulikuwa na chakula, au kulikuwa na sufuria tu?" Afisa akishajibu, maswali yanafutwa kwa kifutio, ripoti inaandikwa upya ikiwa safi, na hakuna anayejua kwamba ilirudishwa mara tatu. Wapo walioilia penseli hiyo chooni. Wapo wengine, na ndio wengi, ambao hadi leo wakiwaandikia barua mama zao huacha nafasi pembeni.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, ukishapita benchi la wanaosubiri na kabati la mafaili ambalo mlango wake haukukubali kufungwa mpaka uubane kwa kipande cha boksi. Ndani mlikuwa na viti viwili vya aina moja. Kile cha magurudumu alichopewa kwa cheo chake alimpa karani wa mapokezi, aliyekuwa akiumwa mgongo. Kila Alhamisi aliwaita maafisa wake mmoja mmoja, kila mtu saa nzima, mlango umefungwa na simu imezimwa. Faili liliwekwa mezani lakini halikufunguliwa. Swali la kwanza lilikuwa moja, mvua inyeshe au jua liwake.

"Wewe unalalaje?"

Wageni kazini walidhani ni salamu, wakajibu salama. Mama Penseli alinyamaza, akamwangalia mtu. Alikuwa na uvumilivu wa kunyamaza ambao ungemfanya hata karani wa ardhi aseme kweli. Ndipo yalipotoka: kwamba namwota yule mtoto, kwamba jana nimemgombeza mume wangu bila kosa, kwamba nikifumba macho nasikia mlango ukigongwa. Alisikiliza hadi mwisho, bila pole nyingi. Mara nyingine alimpunguzia mtu mafaili mawili, mara nyingine alisema ziara ijayo tutakwenda wote, na mara nyingine alimpa mtu siku mbili za kupumzika na kuwaambia wakubwa kwamba amemtuma semina. Semina hizo hazikuwahi kuwa na cheti.

Na alikuwa na kanuni moja, ambayo aliirudia hadi watu wakaichoka. Nyumba njema si mlango, alisema, na wewe hukutumwa kukagua mlango. Sebuleni mtu hukuonyesha anachotaka ukione. Usifunge faili kabla hujaona mahali mtu anapolala.

Kati ya waliolelewa na penseli hiyo kulikuwa na mmoja waliyemwita Kinda. Alipewa jina wiki yake ya kwanza kazini, akiwa mdogo kuliko wote na sauti nyembamba, nalo likamganda. Sasa ana miaka thelathini na minane, ana watoto wawili na miwani ya kusomea, na bado ni Kinda. Katika mwaka wake wa pili waliletewa habari za mwanamke muuza mboga ambaye kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, alimfunga mama yake mzazi kitandani. Walikwenda wawili. Yule mwanamke aliwapokea vizuri, akasema bibi amepumzika, na Kinda alikuwa ameshaanza kuandika. Mama Penseli akaomba kuona chumba. Kamba ilikuwa ya manila, ya kijani, na kifundo cha mguu cha bibi kilikuwa na alama inayong'aa.

Bibi alichukuliwa wiki hiyohiyo. Muuza mboga alikaa kwenye benchi la korido akilia, akisema, "Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Niambieni, mngekuwa nyinyi mngefanyaje?" Mama Penseli alimletea maji. Akamwambia kwa upole, "Dada, kamba haina nia njema." Kisha akarudi ofisini kwake kumfundisha Kinda somo la siku ile, na somo lilikuwa la kweli, hakuna wa kulipinga. Ila ukilifungua faili la kesi ile leo, ambalo si jembamba, hutakuta mahali popote mtu aliyemuuliza muuza mboga analalaje.

Mumewe Mama Penseli alikuwa fundi saa. Miaka arobaini alikaa kwenye kibanda cha kioo chenye upana wa mlango mmoja, kati ya duka la vitambaa na duka la dawa, lenzi kwenye jicho la kulia na kibano mkononi. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe naye akamwita hivyo hivyo. Kila mteja aliambiwa arudi Ijumaa. Hata aliyekuja Ijumaa aliambiwa arudi Ijumaa. Alikuwa mpole, na hakuwa na maswali. Mkewe akirudi kazini kimya, Fundi alijua siku ilikuwa mbaya; alimwekea chai, akamsogezea saa iliyofunguliwa ili atazame vigurudumu vikizunguka. Ofisini hakukuwa na mtu wa kumuuliza msimamizi anavyolala. Fundi hakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu walilala kitanda kimoja.

Walistaafu mwaka mmoja. Mikono ya Fundi ilikuwa bado imara, lakini alianza kusahau saa ipi ni ya nani. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba utakwenda mbele tu, hautarudi nyuma. Siku chache baadaye Fundi alimfuata mkewe jikoni, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Nikiharibika," alisema, "usinipeleke nikalale na watu nisiowajua."

"Sitakupeleka," alijibu mkewe, sufuria mkononi.

Ilisemwa haraka vile, na mvuke usoni. Lakini ahadi ni deni, na huyu hakuwa mtu wa kusema ili kujaza maneno.

Akili ya Fundi iliondoka kidogo kidogo, mikono ikabaki. Alifungua kila kilichoshikwa na skrubu: soketi, redio, miguu ya meza, bawaba za mlango wa choo. Skrubu alizipanga kwenye kisosi kwa ukubwa wake, safi kabisa, ila hakujua zilikotoka. Mwanzoni mkewe alicheka, akajifunza kutumia bisibisi. Alicheka hata siku mlango wa choo ulipomwangukia mgeni. Kisha siku moja alirudi kutoka dukani akakuta mpira wa mtungi wa gesi umefunguliwa, nyumba inanuka, na Fundi amekaa mbele ya jiko na kiberiti mkononi akitafuta mwanga wa kuonea. Wiki iliyofuata alipatikana kandokando ya barabara kuu, na nguo za kulalia, akitafuta kibanda chake. Hakukuwa tena na cha kuchekesha.

Ndipo mkewe alipoukata mkanda wa gauni lake la zamani. Aliuchagua kwa sababu ulikuwa laini, na sehemu ya kuzunguka mguu akaishonea pamba. Usiku, ncha moja ilifungwa kwenye kifundo cha mguu wa Fundi na nyingine kwenye mkono wake mwenyewe, akiamka mmoja waamke wote. Fundi alizijua skrubu zote za dunia, lakini fundo la kitambaa hakulijua, na hakulijaribu. Mchana, mke akiwa na safari ya dukani au ya hospitali, ncha yake aliihamishia kwenye mguu wa kitanda. Nusu saa tu, alijiambia. Wote husema nusu saa tu. Maneno hayo alikuwa ameyasoma kwenye mafaili ya watu mara nyingi, na kila mara penseli yake iliandika pembeni: "Kwa saa ya nani?"

Binti yao aliishi mji mwingine, naye alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, kinyozi hajinyoi. Waite watu wa ofisini kwako wakusaidie."

"Watu wa ofisini kwangu wana kazi na wenye shida."

"Na wewe huna?"

"Mimi nina mume," alisema, akabadilisha mazungumzo.

Kelele ilisikika kwa jirani wa ukuta mmoja, mwalimu mstaafu, mtu asiye na umbeya. Mchana mmoja alimsikia Fundi akiita, akaita, akaita. Siku ya pili tena. Alivumilia wiki mbili, kwa sababu alimheshimu Mama Penseli na alimwonea haya. Wiki ya tatu alipiga simu ofisi ya ustawi.

Kwa kanuni, Kinda hakupaswa kupewa faili lile. Huwezi kumkagua aliyekufundisha kukagua. Lakini alilipigania, akasema bora aende yeye kuliko mgeni, na msimamizi mpya, ambaye mafaili yalikuwa yamemfika shingoni, akaona ni nafuu. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, na lilianza kwa nia njema kama mengi ya ofisi ile.

Kutoka dirishani Mama Penseli alimwona Kinda akivuka barabara na faili kwapani. Alikuwa na dakika mbili. Fundi alikuwa ameshanyolewa, yuko sebuleni na saa kubwa ya mezani aliyopewa aichezee. Mkanda aliusukuma chini ya godoro. Mlango wa chumbani akaufunga. Kulikuwa na joto, lakini alivaa sweta ya mikono mirefu na kuivuta hadi viganjani, kisha akajiona kwenye kioo cha kabati. Wateja wake wote waliokuwa na cha kuficha walivaa sweta siku za joto. Aliwahi kulifundisha hilo kama somo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo umekuja na faili."

"Nimekuja nalo, Mama. Unisamehe."

"Kazi haiombewi msamaha. Kaa. Si hapo, hapo jua litakupiga. Kaa huku."

Na huku kulikuwa mahali ambapo mlango wa chumbani hauonekani. Alisikia ulimi wake ukifanya hivyo, kwa ustadi, kama wale wote waliowahi kumhamisha yeye kiti. Fundi aliinua macho kutoka kwenye saa, akamtazama Kinda kwa adabu ya dukani.

"Dada, saa yako haijawa tayari. Rudi Ijumaa."

"Haya, Fundi," alisema Kinda, akavua miwani na kuifuta. "Nitarudi Ijumaa."

Aliuliza yote aliyofunzwa kuuliza. Anakula? Anakula. Ameanguka? Hajaanguka. Jirani anasema amemsikia akiita. "Anaita, ndiyo. Anaita wateja." Na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu Fundi akifungwa alidhani kibanda kimefungwa na wateja wamesimama nje.

"Ukienda dukani, Mama, unamwacha na nani?"

"Siendi mbali."

Kinda akaandika. Angekuwa mtu mwingine anayejibu, ripoti ya namna hiyo ingerudi na alama ya penseli: uliuliza anaachwa na nani, umejibiwa kuhusu umbali. Mama Penseli alisubiri Kinda alirudie swali, akaona kalamu inakwenda mstari unaofuata. Mwisho Kinda alisimama, akageuka kuelekea chumbani, akashikashika faili lake.

"Na chumbani, Mama..."

"Sijatandika, mwanangu. Unanijua."

Kinda akacheka kwa aibu, akakaa tena. Sikio halipiti kichwa. Angewezaje kumwambia yule aliyemfundisha kazi, nipishe nitazame kitanda chako? Alikunywa chai, akaaga, akaondoka, na hakuuliza chochote kuhusu usingizi wa mtu yeyote.

Mlango ulipofungwa Mama Penseli alishusha pumzi. Alikuwa amepona, Fundi alikuwa amepona. Halafu, akiwa anaosha vikombe, akapandwa na hasira. Alimkasirikia Kinda kwa kutoufungua mlango ule. Aliosha kikombe kimoja mara tatu akiwaza, miaka kumi na minne, mwanangu, miaka kumi na minne nakuambia kitu kimoja.

Siku nne baadaye Kinda alirudi. Alikuwa na ripoti, haijasainiwa. Si utaratibu kabisa mtu aliyekaguliwa kusoma ripoti inayomhusu kabla msimamizi hajaiona, lakini Kinda hakuwa amezoea kutoa ripoti nzito bila penseli ile kuipitia, na msimamizi mpya alikuwa mtu wa kompyuta, wa kusoma mwanzo na mwisho na kusaini.

"Uipitie tu, Mama. Kama zamani. Mimi nitakaa na Fundi."

Akaisoma mezani jikoni. Karatasi tatu, na pembeni nafasi ya vidole viwili, kama alivyomzoesha. "Mzee anatunzwa kwa upendo na kwa utaalamu. Mazingira ya nyumbani ni safi na salama. Mtunzaji ana uwezo na uzoefu wa kutosha. Inapendekezwa faili lifungwe." Kilikuwa kilemba cha ukoka, na alivishwa na mtu anayempenda. Kosa la maandishi halikuwepo hata moja.

Alichotakiwa kusema ni neno moja: nzuri. Aseme nzuri, Fundi atalala nyumbani kwake leo na kesho na hadi mwisho, na ahadi ya jikoni itakuwa imetimia jikoni hapohapo. Alijaribu kulisema kichwani. Sebuleni alimsikia Fundi akimweleza Kinda kwa subira kwamba saa hii ina tatizo la springi, na Kinda akiitikia, eeh, eeh. Macho yake yalirudi kwenye neno salama. Akautazama mtungi wa gesi, ambao siku hizi aliufungia kwa mnyororo. Akaona mawazoni mchana mmoja yuko foleni hospitalini, nusu saa imekuwa saa mbili, na nyumba ina moshi, moshi wa chochote, wa nyaya za soketi alizozifungua, na Fundi anafika hadi urefu wa mkanda ulipokomea. Fundo asilolijua. Na chini ya ripoti, kwa wino, jina la Kinda.

Alifungua droo ya vijiko, akatoa penseli. Pembeni mwa neno salama aliandika: "Umeona anapolala?" Chini kidogo, pembeni mwa neno mtunzaji: "Yeye analalaje?"

Akaenda sebuleni, akampa Kinda karatasi. Kinda akasoma, akaweka miwani vizuri, akasoma tena.

"Sikuona, Mama."

"Najua hukuona. Nilikuwepo."

"Niliona haya."

"Na mimi niliitumia haya yako. Sasa niulize."

Kinda akasimama, na sauti yake ikatoka nyembamba kama ya wiki ile ya kwanza.

"Mama, naomba kuona chumba."

Kitanda kilikuwa cha chuma, kimetandikwa vizuri kabisa. Kwenye mguu mmoja wa kitanda rangi ilikuwa imekwisha, chuma kinang'aa mviringo. Mama Penseli aliinama mwenyewe, akautoa mkanda chini ya godoro, akauweka mkononi mwa Kinda. Kisha akaupandisha mkono wa sweta ileile. Alama ilizunguka kifundo cha mkono, nyekundu, na ya zamani ya kahawia chini yake.

"Usiku ni mimi. Mchana ni kitanda."

"Mama, umeweka pamba. Hii si kama ile ya..."

"Usiimalize sentensi hiyo. Utaandika ulichokiona?"

"Nitaandika."

"Wino ni wako."

Kinda akakaa ukingoni mwa kitanda. Faili lilikuwa mkononi, limefunguliwa. Akalifunga, akaliweka sakafuni. Akamshika msimamizi wake mkono, akamkalisha kando yake.

"Mama, wewe unalalaje?"

"Salama," alisema Mama Penseli.

Kinda hakusema kitu. Alinyamaza vizuri sana, hadi mwisho, kama alivyofunzwa. Sebuleni saa ya mezani ilianza kugonga, ikakwama.

"Silali," alisema Mama Penseli. "Mwaka wa pili sasa. Ananivuta usiku mara sita, mara kumi. Juzi nilimpiga kofi, Kinda. Alinitazama akaniambia, dada, kama saa haikuridhishi nitakurudishia hela yako." Hapo akaanza kulia, kwa sauti mbaya ya mtu asiyekuwa na mazoezi. "Na yule muuza mboga. Aliniuliza ningefanyaje. Unakumbuka nilimjibu nini? Nilimpa maji. Maji tu."

Ripoti iliandikwa upya, na ilikuwa ripoti nzuri, ya kweli, hakuna kilichoachwa. Kinda alihangaika kupata mhudumu wa kuja nyumbani, na ofisi ikatoa asubuhi mbili kwa wiki, ambazo ndizo ilizokuwa nazo. Usiku hakuna aliyekuwa nao wa kutoa. Binti akaja, akakaa siku tisa, akarudi kazini kwake amekonda. Mwezi wa pili nafasi ikapatikana kwenye makao ya wazee, upande wa pili wa mji, chumba cha vitanda vinne. Mama Penseli alipanga mashati ya Fundi mwenyewe, akaandika kwenye kila kola kwa kalamu ya wino isiyofutika. Ile ahadi aliivunja akiwa na akili zake timamu, na hakuruhusu mtu amwambie kwamba hakuivunja. Jirani mwalimu alikuja kuomba radhi, akaishia kupewa chai na kuambiwa alichelewa wiki mbili.

Siku ya kutembelea ni Ijumaa. Kinda humfuata nyumbani kwake, ingawa faili si lake tena, na huwa hawaongei sana njiani. Ijumaa ya tatu walimkuta Fundi akiwa ukingoni mwa kitanda chake, cha dirishani, na kisosi cha skrubu mapajani. Vitanda vingine vitatu vilikuwa na wazee watatu asiowajua.

"Dada, saa yako haijawa tayari. Rudi Ijumaa."

"Leo ndiyo Ijumaa, Fundi."

Akafikiri. "Basi bado kidogo," alisema.

Mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye mikono mikubwa na maneno machache, aliwaeleza kwamba mzee hana shida. Anakula, hagombani, hajaribu kutoka. "Kuna kitu kimoja tu hatukielewi, mama. Ukimlaza, anautoa mguu nje ya shuka, huu wa kushoto, anaunyoosha, anangoja. Unamfunika, anautoa tena. Hata usiku, halali, anakungojea. Nimeangalia kidonda, hana. Nikamvalisha soksi, anaivua. Hatujui anataka nini."

Saa ya kupumzika mchana ilifika, wakamlaza. Fundi aliweka kisosi kando, akajinyoosha, akavutiwa shuka hadi kifuani. Kisha mguu wa kushoto ukatoka, ukanyooka hewani kuelekea alipokaa mkewe, mtiifu, ukabaki pale. Kinda aliutazama mguu, akatazama ukuta.

Mama Penseli alisogeza kiti. Akaushika mguu kwa mikono miwili, mahali palepale mkanda ulipokuwa ukipita, akaukandamiza kidogo. Fundi akashusha pumzi ndefu, macho yakaanza kufumba.

"Kumbe," alisema mhudumu mlangoni, kwa sauti ya chini. "Kumbe anataka kushikwa tu."

"Hapana, mwanangu," alisema Mama Penseli. "Anataka kufungwa. Mimi ndiye niliyemzoesha. Liandike, ili wa zamu ya usiku asikisie."

Mhudumu akamtazama Kinda, na Kinda akatikisa kichwa kukubali, kwa hiyo akaenda kutafuta kalamu. Mama Penseli alikaa vile hadi mikono ikamfa ganzi, hadi Fundi alipoanza kukoroma. Kisha akaurudisha mguu ndani, akaufunika, na kungoja kuona kama utatoka tena.